FLORENCE NIGHTINGALE NA DAFTARI LA MUUGUZI

Bibi Florence Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, akapewa jina la mji huo. Wazazi wake walikuwa Waingereza wenye mali. Mwaka 1837, akiwa msichana wa miaka 16, aliona kwamba Mungu amemwita amtumikie. Lakini jamaa zake hawakutaka kabisa awe muuguzi, maana kazi hiyo ilidharauliwa sana wakati ule. Akangoja miaka mingi.

Wengi wetu tulisimuliwa shuleni habari za taa yake. Mwezi Novemba 1854 alifika Scutari, Uturuki, pamoja na wauguzi 38, kuwatunza askari wa vita vya Crimea. Lisilosimuliwa sana ni kwamba alikuta vifo vikiandikwa katika madaftari matatu, na hesabu zake hazikupatana. Watu walikufa kila siku, wala hakuna aliyejua kwa hakika ni wangapi. Baada ya vita alikaa na hesabu hizo, akaonyesha kwamba maradhi yaliua askari wengi kuliko majeraha.

Basi, ndugu msomaji, utashangaa kusikia kwamba katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 hakuisifu sana karatasi. Aliona kuwa muuguzi anayeandika kila kitu huenda akaacha kutazama kwa macho yake. Neno hilo lina ukweli.

Lakini mfanyabiashara mmoja wa Liverpool, William Rathbone, alianza kuwapelekea maskini wauguzi nyumbani mwao, akamwomba Bibi Nightingale shauri. Kazi hiyo ikakua, ikafika London. Mwaka 1876 aliandika gazetini kwamba muuguzi wa nyumbani yampasa awe na mafunzo kuliko yule wa hospitali, na ni lazima aandike habari za mgonjwa, kwa sababu daktari hana mtu mwingine wa kumwarifu.

Sisi tunaowatembelea wagonjwa twalijua jambo hili. Ukiuliza mgonjwa ameamkaje, huambiwa hajambo kidogo. Daktari afanye nini na hajambo kidogo? Bibi Nightingale alitaka kujua amelala saa ngapi, na zilikuwa saa zipi za usiku. Chakula amekula kiasi gani, na kilichorudi jikoni ni kiasi gani. Hospitalini muuguzi wa mchana humwachia wa usiku. Nyumbani akiondoka hubaki bibi na watoto, na dawa iliyokwisha kutolewa saa sita yaweza kutolewa tena saa saba kama haikuandikwa. Ndiyo sababu wauguzi wa nyumbani hufundishwa kuandika papo hapo, kabla ya kutoka mlangoni, tarehe na saa, wakatia sahihi.

Tena alikataza muuguzi kuwa mpiga domo. Habari za mgonjwa ni za wale wanaopaswa kuzijua, si za jirani anayechungulia.

Yeye mwenyewe aliugua miaka mingi tangu 1857, akaendelea kuandika barua na taarifa akiwa kitandani, mpaka macho yalipofifia. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, mwenye umri wa miaka 90. Jamaa zake hawakukubali azikwe Westminster Abbey. Alizikwa East Wellow, na juu ya kaburi ziliandikwa herufi mbili za jina lake na tarehe tu.