Hali ya Fausto Coppi

Kila mwaka, mwezi wa pili unapokaribia, nyumba tunayopanga sisi wanafunzi wanne hugeuka baraza la waaguzi. Mbio za baiskeli za Tour du Rwanda ziko karibu kuanza. Zimekwisha kupita mara kadhaa Rusizi, ng'ambo ya mto, mahali tunapopaona kwa macho kutoka vilima vyetu vya Bukavu. Mmoja wetu husema fulani atashinda kwa sababu mwezi uliopita alipanda milima vizuri. Mwingine humkatalia: huyo ametoka kwenye baridi ya Ulaya, jua letu litamchosha. Wa tatu huuliza nani katika timu atakubali kumsaidia mwenzake. Hoja ni nyingi, lakini swali ni moja: yuko katika hali gani?

Mimi nasoma isimu ya lugha za Kiafrika, na neno hilo, hali, limenishika. Wafaransa wana neno lao la nguvu za mchezaji kabla ya mashindano, na lingine la afya ya mgonjwa. Sisi tuna moja tu. Hali tunayoiulizia kabla ya mbio ndiyo tunayoiulizia kando ya kitanda. Ndiyo maana nimependa kusimulia hapa maisha ya Fausto Coppi, Mwitaliano aliyefariki miaka mingi kabla sisi hatujazaliwa. Maisha yake yote watu waliiulizia hali yake, na mara ya mwisho walipoiulizia, jibu sahihi lilikuwa hapa Afrika.

Alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 katika kijiji cha Castellania, kwenye vilima vya Piemonte, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alikuwa mmoja wa watoto watano. Shule hakuipenda. Akiwa bado kijana mdogo alipata kazi kwa muuza nyama katika mji wa Novi Ligure, akawa anapelekea wateja nyama kwa baiskeli. Anayewajua vijana wa hapa kwetu wanaosukuma mizigo kupanda Kadutu hatashangaa kusikia kwamba miguu ya bingwa ilianza kupata nguvu kazini. Baadaye ami yake aliyekuwa baharia alimsaidia kwa fedha apate baiskeli ya mashindano.

Novi Ligure ndiko alikokutana na mtu wa kwanza aliyeijua hali yake kikweli. Biagio Cavanna alikuwa mkandaji wa wanamichezo, na alikuwa kipofu. Kwa kugusa mapaja, mgongo na kifua, aliweza kumpima kijana. Aliyemtazama Coppi kwa macho tu aliona mtu mwembamba, mwenye miguu mirefu na mifupa inayovunjika upesi. Waitaliano walimpa jina la utani la korongo, yule ndege mwenye miguu mirefu. Mikono ya Cavanna iliona mapafu makubwa, na moyo unaopiga polepole hata baada ya kazi ngumu.

Mwaka 1940 Coppi aliingia timu ya Legnano kama msaidizi. Katika mbio za hatua, msaidizi hubeba maji, humkinga kiongozi wake na upepo, na humpa gurudumu lake likipata pancha. Kiongozi wa timu hiyo alikuwa Gino Bartali, aliyekwisha kushinda Tour de France ya 1938. Kabla ya Giro d'Italia, mbio kubwa za kuizunguka Italia, aliyebashiriwa ni Bartali. Katika hatua ya pili mbwa alikatiza barabara, Bartali akaanguka na kuumia. Siku chache baadaye, katika hatua ya kutoka Firenze kwenda Modena, Coppi alichomoka mlimani kwenye mvua akavaa jezi ya waridi ya anayeongoza. Alishinda Giro akiwa na miaka 20, na mpaka leo hakuna aliyeishinda akiwa mdogo kuliko yeye. Mbio ziliisha tarehe 9 Juni. Kesho yake Italia iliingia vitani.

Vita vilimla miaka iliyopaswa kuwa bora kwake. Mwezi Novemba 1942, katika uwanja wa Vigorelli mjini Milano, aliweka rekodi ya dunia ya saa moja: kilomita 45.798. Rekodi hiyo ilidumu hadi 1956. Lakini mwaka 1943 alipelekwa na jeshi Afrika Kaskazini, na mwezi Aprili Waingereza walimteka nchini Tunisia. Akawa mfungwa wa vita. Afrika ya kwanza aliyoijua ilikuwa ya kambi na waya wa miiba. Aliporudishwa Italia mwaka 1945 alimtumikia ofisa mmoja wa Kiingereza, kisha vita vikaisha, naye akarudi kwenye baiskeli.

Mwezi Machi 1946 alishinda Milano–San Remo akiwa amemwacha wa pili kwa dakika 14. Mwaka 1947 alishinda tena Giro, mara hii kama mpinzani wa Bartali. Italia ikagawanyika: wazee, vijana, wanakijiji na watu wa mjini, kila mtu alikuwa na upande. Katika mashindano ya dunia ya 1948 huko Valkenburg, Uholanzi, wawili hao waliviziana tu, kila mmoja akimzuia mwenzake, mpaka wakaacha mbio wote wawili. Shirikisho la Italia liliwafungia.

Kwa hiyo kabla ya Tour de France ya 1949 wabashiri walikuwa na kazi. Wakati huo timu zilikuwa za mataifa, na Coppi na Bartali walipaswa kuvaa jezi moja. Bartali alikuwa bingwa mtetezi. Coppi hakuwa amewahi kushiriki Tour. Alikuwa ametoka kushinda Giro, na kwa namna ya kutisha: katika hatua ya Cuneo hadi Pinerolo alikwenda peke yake kilomita 192, akavuka vilele vitano vya milima ya Alpi, Bartali akafika karibu dakika 12 nyuma yake. Lakini kati ya mwisho wa Giro na mwanzo wa Tour kulikuwa na siku 18 tu, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kushinda zote mbili katika mwaka mmoja. Je, mwili umepumzika? Je, hawa wawili watasaidiana? Kocha Alfredo Binda, naye bingwa wa zamani, alilazimika kuwaweka pamoja na kuwafanya wapatane.

Katika hatua ya tano, njiani kuelekea Saint-Malo, Coppi aliangukiana na Jacques Marinelli, aliyekuwa amevaa jezi ya njano. Baiskeli yake iliharibika, na ile aliyopewa haikumfaa. Gari la Binda lilikuwa nyuma. Alikata tamaa, akataka kurudi nyumbani. Siku ile alikuwa nyuma ya anayeongoza kwa zaidi ya nusu saa. Aliyemtazama jioni ile angesema hali yake imekwisha. Binda alimbembeleza, na Coppi akaendelea.

Alirudisha dakika zile kidogo kidogo, kwanza katika mbio za kushindana na saa, halafu milimani. Tarehe 18 Julai yeye na Bartali walifika Briançon wawili tu. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Bartali, anatimiza miaka 35, na Coppi alimwachia ushindi. Kesho yake Bartali alipatwa na mikosi njiani, Binda akamruhusu Coppi asimsubiri. Mjini Paris Coppi alikuwa wa kwanza, Bartali wa pili kwa dakika 10 na sekunde 55. Giro na Tour katika mwaka mmoja: jambo lililoonekana haliwezekani, likawezekana.

Mwaka 1951 ulionyesha upande mwingine. Katika miezi kumi na miwili alikuwa amevunjika nyonga na baadaye mtulinga. Mifupa iliunga, mazoezi yakarudi, na kwa hesabu za wabashiri angeweza kushinda Tour tena. Tarehe 29 Juni, katika mbio zilizoishia Torino, mdogo wake Serse, aliyekuwa mwenzake wa timu, alianguka na kugonga kichwa, akafariki siku ileile. Tour ilianza siku tano baadaye. Coppi alikwenda. Katika hatua ya kufika Montpellier, kwenye joto kali, alitapika, akayumba, akapoteza zaidi ya nusu saa. Alimaliza wa kumi. Daktari angepima moyo na mapafu yake angekuta yako sawa. Huzuni haipimwi hivyo.

Mwaka uliofuata alirudi na kushinda Giro na Tour tena. Tour ya 1952 ndiyo ya kwanza kuwa na hatua inayoishia juu ya Alpe d'Huez, na mshindi alikuwa yeye. Aliongoza kwa kiasi kwamba waandaaji waliongeza zawadi ya nafasi ya pili, ili wengine wapate sababu ya kuendelea kupigana. Alishinda kwa dakika 28 na sekunde 17. Mwaka 1953 alichukua Giro ya tano na ubingwa wa dunia mjini Lugano.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Alikiri hadharani kwamba alitumia dawa za kusisimua mwili, ambazo wakati ule hazikuwa zimekatazwa. Aliacha ndoa yake akaishi na Giulia Occhini, mwanamke aliyekuwa ameolewa, na sheria ya Italia ya siku zile ikawahukumu wote wawili. Baada ya hapo ushindi ulipungua, lakini hakuacha. Kwa msimu wa 1960, akiwa na miaka 40, alikuwa amekubali kuendesha katika timu ya San Pellegrino. Kiongozi wa timu hiyo alikuwa Bartali. Wabashiri walianza tena kuuliza.

Mwezi Desemba 1959 alisafiri na waendeshaji kadhaa maarufu, akiwemo Jacques Anquetil na rafiki yake Raphaël Géminiani, hadi Haute-Volta, nchi tunayoiita leo Burkina Faso. Walishindana mjini Ouagadougou, kisha wakaenda kuwinda. Coppi na Géminiani walilala chumba kimoja, na mbu walikuwa wengi. Walirudi Ulaya kabla ya Krismasi. Siku chache baadaye wote wawili walishikwa na homa kali, mmoja Ufaransa, mwingine Italia.

Damu ya Géminiani ilipelekwa kupimwa katika Taasisi ya Pasteur. Ilikuwa malaria. Akapewa kwinini, akapona. Amefariki juzi tu, mwaka 2024, akiwa na miaka 99. Familia yake ilipiga simu Italia kuwaonya waliokuwa wakimtibu Coppi. Madaktari hawakulikubali jambo hilo. Walimtibu kama mtu mwenye ugonjwa wa mapafu. Tarehe 2 Januari 1960, asubuhi, Fausto Coppi alifariki katika hospitali ya Tortona.

Hapa ndipo mimi, mwanafunzi wa maneno, hukosa usingizi. Neno malaria ni la Kiitaliano: mala aria, hewa mbaya. Ni Waitaliano waliolipa dunia neno hilo, kwa sababu ugonjwa huo uliwaua kwa karne nyingi. Mwanasayansi Giovanni Battista Grassi alikuwa miongoni mwa walioonyesha, mwaka 1898, kwamba mbu ndiye anayeueneza. Camillo Golgi alichunguza mwendo wa homa zake huko Pavia, mji usio mbali na Tortona. Baada ya Vita vya Pili Italia ilipambana nao hadi ukakaribia kutoweka. Neno lilibaki katika kamusi, lakini mkono wa kuutambua ugonjwa uliondoka. Palihitajika mtu kama Cavanna, mwenye kugusa na kuelewa, ila awe wa malaria.

Mimi nimeugua malaria mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kila mara mama alinigusa paji la uso, akaniuliza kama viungo vinauma na kama nasikia baridi, na kabla ya saa moja kwisha tulikuwa njiani kwenda kupima damu. Hajasoma udaktari. Anajua kwa sababu amelazimika kujua, na ujuzi wake umelipiwa na watoto wa majirani ambao hawakupona. Siandiki haya kuwacheka madaktari wa Tortona. Ninaandika kwa sababu sisi huambiwa mara nyingi kwamba ujuzi unasafiri kutoka kaskazini kuja kusini tu. Safari ile simu ilikuwa na habari iliyotoka huku, na haikusikilizwa.

Kuna jambo moja dogo ambalo wenzangu wa isimu watalifurahia. Katika Kiswahili chetu cha Kongo, wengi mtaani hawasemi baiskeli, husema kinga. Katika Kiswahili sanifu, kinga ni kile kinachomzuia ugonjwa asiupate mtu. Sidai kwamba maneno haya mawili ni ndugu. Asili zake ziachwe kwa watafiti. Ila kila ninapolisikia la kwanza, namkumbuka mtu aliyeijua kinga moja kuliko wote wa zama zake, akafa kwa kukosa nyingine.

Amezikwa Castellania pamoja na Serse. Tangu 2019 kijiji hicho kinaitwa rasmi Castellania Coppi. Mwezi wa pili ukija, wenzangu wataanza tena kubishana, nami nitabishana nao. Lakini atakayekohoa au kutetemeka wakati wa mabishano hayo nitamwacha kwanza aje kupima damu, halafu ndipo tumjadili atakayeshinda.