Khabari za Mackay, Fundi wa Chuma wa Ziwa la Nyanza

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume wake na jamaa zake na sahaba zake, twapenda kuwasimulia ndugu zetu wa pwani khabari za mtu ambaye wazee waliokwenda bara kwa biashara walimjua sana, ama vijana wetu wengi hawajapata hata kulisikia jina lake. Mtu huyo hakuwa wa dini yetu. Alikuwa Mnasara, tena mhubiri wa dini yake, na katika baraza ya Kabaka Mutesa alishindana na watu wetu si mara moja wala mara mbili. Mashindano hayo siyo tunayoyaandika hapa. Twaandika juu ya mikono yake na chuma alichokifua, kwani elimu ya chuma si mali ya kaumu moja: Nabii Daudi alilainishiwa chuma, na katika Kitabu chetu iko sura iitwayo kwa jina lake. Na mwenye kuona haya kutaja ufundi wa asiyekuwa wa dini yake, na aitazame saa iliyo mkononi mwake, ajiulize ni kazi ya nani.

Jina lake Alexander Mackay. Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849, nao ni mwaka 1265 wa Hijra, katika kijiji cha Rhynie, nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa mwalimu wa dini na mwanachuoni wa jiografia, na yeye mwenyewe ndiye aliyemsomesha nyumbani hata alipofika umri wa miaka 14. Baba alitumai mwana awe mwalimu wa dini kama yeye. Lakini mtoto, akiachiliwa tu, huonekana kwa mhunzi, akitazama mivukuto na nyundo. Na mara moja alitembea maili kadhaa kwa miguu mpaka kituo cha gari la moshi, ili apate kuiona injini iliposimama hapo kwa dakika chache, kisha akarudi kwao kwa miguu vile vile.

Alisoma Edinburgh elimu ya ualimu, kisha elimu ya mitambo, na nyakati za alasiri akifanya kazi katika kiwanda cha mashine. Mwaka 1873 alikwenda Berlin, nchi ya Ujerumani, akawa mchoraji wa mashine, kisha akapandishwa kuwa mkubwa wa sehemu ya kutengeneza injini za gari la moshi. Huko alibuni mashine ya kilimo kwa akili yake mwenyewe, nayo ilipelekwa katika maonyesho ya Breslau ikapata tuzo ya kwanza. Kijana wa namna hii njia yake ya mali ilikuwa wazi. Lakini mwishoni mwa mwaka 1875 magazeti ya Uingereza yalichapa barua ya Stanley iliyotoka kwa Mutesa, kuwataka walimu wajuao pia kazi za mikono. Mackay akajitoa, na mwezi wa Mei mwaka 1876 akashuka Unguja, katika zama za Sayyid Barghash.

Sasa ndugu msomaji afahamu uzito wa jambo lililokuwa mbele yao. Walitaka kuweka merikebu ya moshi katika Ziwa la Nyanza, na wakati ule hapakuwa na reli wala barabara, ila njia ya misafara, na kila kitu huchukuliwa kichwani. Mzigo wa mpagazi mmoja ni ratli 60 au 70. Je, boila, yaani pipa kubwa la chuma la kuchemshia maji hata yawe mvuke, itachukuliwa na nani? Kwanza walijaribu kupanda na chombo chao cha moshi katika mto wa Wami na mto wa Kingani, wakaona mito ile haipitiki. Kisha Mackay akarudi Saadani na mashoka na majembe, na katika mwaka 1877 akakata njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, kadiri ya maili 230. Njia ilikatwa, lakini ng'ombe waliuawa na ndorobo. Basi chuma kikarudi kule kule vichwani mwa wapagazi, kimekatwa vipande.

Na huku ziwani yakatokea mambo yanayotuhusu sisi watu wa pwani. Katika kisiwa cha Ukerewe alikuwako mfanyabiashara wetu, jina lake Songoro, aliyekuwa akiunda jahazi huko huko ufuoni kwa miti ya nchi. Wenzake Mackay waliotangulia, Smith na O'Neill, walilitaka jahazi lile wakafanya biashara naye. Ikatokea khitilafu baina ya Songoro na Lukonge, mfalme wa Ukerewe, na Songoro akakimbilia kwa Wazungu wale. Na mwezi wa Desemba mwaka 1877 wote watatu wakauawa, pamoja na watu wengi waliokuwa nao. Watu humtaja Smith na O'Neill na kumsahau Songoro, na mimi sioni sababu ya kumsahau. Kuunda jahazi mahali pasipo gati wala duka la misumari ni ufundi, na mwenyewe alikufa pamoja nao.

Mackay alifika Kageye, upande wa mashariki ya Mwanza ya leo, mwezi wa Juni mwaka 1878. Alivuka kwenda Ukerewe kuonana na Lukonge, naye ndiye aliyewaua wenzake, akarudi salama. Hapo Kageye alikuta mali yao imerundikwa ovyo katika banda: vipande vya boila vimechanganyika na vitabu, fimbo za pistoni na karatasi, mabomba ya mvuke na herufi za chapa, misumeno na mbegu za bustani, na vingi vimekula kutu au vimeibwa. Mtu mwingine angalikaa akalia. Yeye alivisafisha kimoja kimoja, na katika muda wa siku kumi hivi injini ilikuwa imesimama kamili hata parafujo ya mwisho, na boila imepangwa tayari kupigwa ribiti.

Hapa pana ufundi ambao wafaa kuelezwa. Boila ile ilikuwa imekatwa pete pete za bamba la chuma, kila pete mzigo wake. Pete hupangwa moja juu ya ncha ya mwenziwe, tundu kwa tundu, kisha msumari wa ribiti hutiwa motoni hata uwe mwekundu, ukapitishwa, na mtu mmoja akaushikilia kichwa kwa ndani huku wa pili akiuponda kwa nje. Ukipoa hujikunja, na katika kujikunja huyavuta mabamba mawili yakabanana hata mvuke usipate pa kutokea. Mmoja ukiwa umelegea, boila nzima haina amana, kwani mvuke uliofungwa hupasua chuma kama ganda la yai.

Mwezi wa Agosti aliabiri pamoja na Wilson katika mashua iliyoitwa Daisy. Tufani iliwatupa ufuoni upande wa magharibi, na mashua ikavunjika mbele na nyuma. Mbao za kutengenezea hapakuwa nazo. Basi Mackay akaikata mashua katikati, akatoa pande lenye urefu wa futi kadiri ya nane, akatumia mbao zake kuziba tezi na omo, kisha akaziunga nusu mbili. Ikawa mashua fupi, lakini mashua, na mwezi wa Novemba wakafika Buganda.

Huko, mahali paitwapo Nateete, alijenga kiwanda chake akaweka fuawe, jiliwa, kerezo na cherehe ya kunolea. Watu wakaja kwa makundi kutazama gurudumu linalozunguka. Alichimba kisima, akatia bomba lililopandisha maji juu, nao wakadhani ni uchawi. Wakamwita Mzungu wa Kazi, na jina hilo naliona ni la heshima kuliko mengi wanayopewa wakubwa.

Mwaka 1882 alikufa mama yake Mutesa, na Kabaka akamtaka amfanyie jeneza lisilopata kuonekana. Yalitakiwa majeneza matatu, moja ndani ya mwenziwe, na la ndani kabisa liwe la shaba; wala bamba la shaba nchini halikuwako. Kabaka alitoa masinia na vyombo vyake vya shaba, Mackay akavipasua na kuviponda bapa, kisha akaviunga kipande kwa kipande hata likatoka sanduku zima, na la nje lilikuwa kubwa mfano wa chumba. Kazi ile ilichukua kadiri ya mwezi, usiku na mchana. Katika sheria yetu maiti hutosha sanda na udongo, na sisi hatuna haja na jeneza la shaba. Lakini ufundi ni ufundi. Siku hizi wako mafundi katika nchi nyingi wanaoyeyusha unga wa chuma kwa mwali wa mwanga, tabaka juu ya tabaka, hata kifaa kikaota kama jino, bila kukatwa wala kumiminwa katika kalibu, na aliyevunjikiwa na kifaa mbali na kiwanda anaweza kuokoka asisubiri merikebu. Fundi wa Nateete parafujo ikimvunjikia ilimpasa aikereze mwenyewe, au angoje mwaka kutoka pwani.

Tena isidhaniwe kwamba chuma kilifika Nyanza pamoja naye. Warongo wa Uzinza walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali, na kwa Wahaya, ng'ambo ya magharibi, kumefukuliwa matanuri ya kadiri ya miaka 2,000. Mwaka 1978 mwanachuoni Schmidt na mwenzake walitangaza khabari zake, na jinsi tanuri lile lilivyopata moto mkali mno. Mackay alileta mvuke na kerezo. Moto na mvukuto ulikuwako.

Sisi wenye chapa ndogo ya mkono twampenda kwa jambo moja zaidi. Herufi zilipompungukia alichonga za mbao kwa kisu, akachapa nazo karatasi za kusomea Kiganda. Mwenye kupata kupanga herufi usiku kwa taa ya mafuta ataijua taabu hiyo.

Ama baina yake na watu wetu palikuwa na uadui. Baadhi ya wafanyabiashara wa pwani waliuza bunduki na kununua watumwa, naye akaliteta jambo hilo mbele ya Kabaka. Wao nao wakamwonya Kabaka kwamba Mzungu akitangulia, nyuma huja serikali yake. Mwadilifu asomaye habari za miaka iliyofuata ataona kwamba katika lile la kwanza Mackay alikuwa na haki, na katika la pili watu wetu hawakukosea.

Mutesa alifariki mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga, na mambo yakawa mazito. Mwezi wa Julai mwaka 1887 Mackay alilazimika kuondoka Buganda, akarudi kusini ya ziwa, akakaa Usambiro, si mbali na Mwanza. Alijenga nyumba, akaweka tena kiwanda chake, akakata miti na kupasua mbao za chombo kipya, na injini na boila akizitengeneza kando yake. Stanley alipopita hapo na Emin Pasha, mwishoni mwa Agosti mwaka 1889, alikaa karibu wiki tatu, akamkuta kati ya mashine zake. Alishauriwa arudi Ulaya apumzike, kwa kuwa alikuwa hajakwenda kwao tangu mwaka 1876. Hakukubali.

Homa ilimshika mwanzoni mwa Februari, akafa tarehe 8 Februari 1890, nao ni mwaka 1307 wa Hijra, umri wake miaka 40, kabla ya kukitia majini chombo chake cha moshi. Walimzika pale pale Usambiro, na mwaka 1927 mifupa yake ikahamishwa kupelekwa Namirembe. Merikebu za moshi zilikuja baadaye kwa njia ile ile ya vipande: William Mackinnon iliungwa Kisumu ikateremshwa mwaka 1900. Na Mwanza yenyewe, katika mwaka 2023, iliteremsha majini meli ya chuma yenye urefu wa mita zipatazo 92, ya abiria 1,200, iliyoungwa bamba kwa bamba katika ufuo wake wa kusini, kwa moto wa kuchomelea, bila ribiti.