Mwalimu Aliyerudi Ubaoni: Maisha ya Edward Carey Francis

Sisi tuliolelewa katika mila ya Kihindu tumefundishwa kumheshimu guru kama tunavyowaheshimu wazazi. Kwa hiyo, katika kitabu hiki cha maadhimisho ya hekalu letu, tumeona inafaa kumkumbuka mwalimu ambaye hakuwa wa dini yetu, wala hakutufundisha, lakini ametuachia funzo.

Edward Carey Francis alizaliwa London mwaka 1897. Baada ya kupigana katika Vita Kuu vya Kwanza alisoma hisabati Cambridge, kisha akawa mhadhiri wa chuo cha Peterhouse hukohuko. Mwaka 1928 aliacha cheo hicho, akaja Kenya kama mmisionari, akawa mkuu wa shule ya Maseno, Nyanza. Mwaka 1940 alihamia Alliance High School, Kikuyu, akaiongoza kwa miaka 22. Hakuoa, shule ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Vitabu vyake vya hesabu vilisomwa na watoto wengi wa Afrika Mashariki.

Hakukosa kasoro. Alikuwa mkali, na alizitilia shaka siasa za kupigania uhuru. Wakati wa Hali ya Hatari aliwapinga Mau Mau, ila alilalamikia pia ukatili wa vikosi vya serikali. Uhuru ulipopatikana, mawaziri kadhaa walikuwa wamepitia Alliance.

Mwaka 1962 alistaafu ukuu. Angeweza kurudi kwao akapumzike. Badala yake alikwenda shule ya sekondari ya Pumwani, katika mtaa wa wanyonge jijini Nairobi, akafundisha kama mwalimu wa kawaida chini ya mkuu mwingine. Alifariki mwaka 1966, angali kazini.

Wazee wetu nao walivuka bahari kuja nchi hii. Enzi hizo shule zilitengwa kwa rangi, hivyo watoto wetu hawakuketi na wanafunzi wake. Hesabu tuliyoijua sisi ilikuwa ya dukani: mtaji, faida na hasara. Leo tunashika uongozi wa jumuiya na kamati, na kuuachia hutuwia vigumu. Twadhani kushuka cheo ni hasara. Mwalimu huyu alishuka mara mbili kwa hiari yake, na heshima yake haikupungua. Hiyo ndiyo seva. Kabla ya kuwahimiza vijana waifuate, yatupasa sisi wazee tuianze.