Daktari Denis Burkitt wa Mulago

Ndugu zetu wa Kawempe, Mulago si mbali nasi. Huko ndiko alikofanya kazi Daktari Denis Burkitt, aliyezaliwa Ireland mwaka 1911 na kupoteza jicho moja utotoni. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Kisha, alipozuru Jinja, akamwona mwingine vivyo hivyo. Hakusema ni bahati mbaya akanyamaza, bali aliuliza. Fedha hakuwa nazo nyingi. Alizipelekea hospitali za Afrika barua za kuuliza, na mwaka 1961 yeye na wenziwe wawili wakasafiri kwa gari yapata maili 10,000. Ikadhihirika kwamba saratani hiyo, ambayo leo yaitwa kwa jina lake, hupatikana zaidi penye joto na mvua. Mwaka 1964 wataalamu wa London wakaona kirusi ndani yake. Na watoto waliokwisha kukatiwa tamaa, baadhi yao wakapona kwa dawa. Alifariki mwaka 1993.

Enyi wazazi, elimu hii ilipatikana kwa kuwa kina mama waliwaleta watoto wao. Basi uvimbe wa mtoto usifichwe nyumbani. Apelekwe hospitali upesi, na shifaa ni ya Mwenyezi Mungu.