Kenesaw Mountain Landis: Jaji aliyeisafisha besiboli na mlango aliouacha umefungwa

Kila ligi ya kulipwa inapokumbwa na tuhuma za kupanga matokeo, swali moja hurudi: mchezaji aliyeachiwa huru na mahakama anaweza bado kufungiwa na ligi? Nchini Marekani, jibu lilitolewa Agosti 1921 na mtu mmoja. Katika makala hii tunaangazia maisha ya Kenesaw Mountain Landis, kamishna wa kwanza wa besiboli.

Landis alizaliwa tarehe 20 Novemba 1866 huko Millville, katika jimbo la Ohio. Baba yake, daktari wa jeshi la Kaskazini, alijeruhiwa mguu mwaka 1864 katika mapigano ya mlima Kennesaw, Georgia, na mtoto akapewa jina la mlima huo, ingawa tahajia ilipungua herufi moja. Aliacha sekondari kabla ya kumaliza, akawa mwandishi wa mwenendo wa kesi mahakamani, kisha akasomea sheria. Mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt alimteua kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Chicago. Miaka miwili baadaye aliitoza kampuni ya Standard Oil ya Indiana faini ya zaidi ya dola milioni 29. Mahakama ya rufaa iliitengua, lakini Landis alikwishajulikana nchi nzima kama jaji asiyeogopa wakubwa.

Besiboli ilimhitaji mtu wa namna hiyo. Mwaka 1919 Chicago White Sox, timu iliyopewa nafasi kubwa ya kushinda, ilifungwa na Cincinnati Reds kwa michezo 5 kwa 3 katika fainali ya ubingwa. Septemba 1920, mchezaji Eddie Cicotte na nyota mwenzake Joe Jackson walikiri mbele ya jopo la uchunguzi kwamba walipokea fedha za wacheza kamari. Wachezaji 8 walihusishwa na njama hiyo.

Mashabiki walianza kujiuliza kama wanacholipia kiingilio ni mchezo au ni maigizo. Wamiliki wa vilabu 16 wakaona hatari, na Novemba 1920 wakamwomba Landis awe kamishna. Walimpa mamlaka ya kuchunguza na kuadhibu jambo lolote lenye madhara kwa mchezo, wakakubali pia kutopinga maamuzi yake mahakamani.

Kesi ya jinai ilisikilizwa Chicago mwaka 1921. Kumbukumbu za maandishi za maungamo ya wachezaji zilikuwa zimepotea, na tarehe 2 Agosti washtakiwa wakaachiwa huru. Furaha yao ilidumu usiku mmoja tu. Siku iliyofuata Landis alitangaza kwamba, bila kujali uamuzi wa mahakama, wachezaji wote 8 hawatacheza tena katika ligi hizo. Kwake, anayeuza mchezo, na hata anayekaa na wapangaji njama akanyamaza, hana nafasi uwanjani.

Hapo ndipo tunapokutana na Buck Weaver. Hakuna aliyethibitisha kwamba alichukua fedha, na katika fainali ile alicheza vizuri. Kosa lake lilikuwa kujua na kutosema. Aliomba kurejeshwa mara kadhaa hadi alipofariki mwaka 1956, bila mafanikio. Adhabu yake ililingana na ya Cicotte aliyepokea dola 10,000. Ukali huo uliwatia wachezaji hofu ya kukaa kimya, lakini pia ulionyesha hatari ya mtu mmoja kuwa mpelelezi, jaji na mwamuzi wa rufaa kwa wakati mmoja.

Landis hakuwabana wanyonge peke yao. Babe Ruth, mchezaji maarufu kuliko wote, alisimamishwa kwa wiki 6 hivi mwanzoni mwa msimu wa 1922 kwa kucheza mechi za maonyesho zilizokatazwa. Mwaka 1943 William Cox, mmiliki wa Philadelphia Phillies, alifungiwa maisha kwa kubeti juu ya timu yake mwenyewe.

Wahenga wetu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa Landis uligota mahali pamoja. Katika miaka yake yote 24 madarakani, hakuna mchezaji mweusi aliyeruhusiwa katika ligi kuu. Alishikilia kwamba hakuna kanuni iliyowazuia, na kwa maandishi ilikuwa kweli. Lakini makubaliano ya kimya ya wamiliki yalifanya kazi kuliko kanuni, na kamishna mwenye mamlaka ya kuondoa lolote linalouchafua mchezo hakuyagusa. Alifariki tarehe 25 Novemba 1944. Chini ya mwaka mmoja baadaye Jackie Robinson alisajiliwa na klabu ya Brooklyn Dodgers, na mwaka 1947 akacheza ligi kuu.

Historia imeendelea kumpima. Mwaka 2020 jina lake liliondolewa kwenye tuzo ya mchezaji bora wa msimu. Mwaka 2025 ligi iliwaondoa Jackson, Weaver na wenzao katika orodha ya waliofungiwa, kwa hoja kwamba marehemu hawezi tena kuhatarisha uadilifu wa mchezo.

Cheo cha kamishna alichokianzisha kimebaki, na ligi nyingine kubwa za Marekani nazo zina makamishna wao. Kwetu sisi tunaofuatilia ligi za leo, maisha yake yanaacha kipimo kigumu: uadilifu wa ligi huonekana katika makosa inayoyaadhibu, na vilevile katika yale ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayeyataja.