Habari za Traugott Bachmann wa Mbozi

Katika nchi ya Unyiha, upande wa magharibi wa mji wa Mbeya, kuna jiwe kubwa la chuma lililoanguka kutoka juu zamani ambazo hakuna mtu aliyezishuhudia. Watu huliita Kimondo cha Mbozi, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16 hivi. Wageni wengi huenda kulitazama, na wanafunzi hupelekwa na walimu wao kulistaajabia. Lakini katika nchi hiyo hiyo ziko habari nyingine zistahilizo kukumbukwa, nazo ni habari za mtu aliyekuja kufundisha, naye akafundishwa. Jina lake Traugott Bachmann.

Bachmann alizaliwa Ujerumani mwaka 1865. Alipokuwa kijana aliingia katika kazi ya Kanisa la Moravian, na ni vema tulijue kanisa hilo kwanza, maana mtu hutambuliwa kwa nyumba aliyotoka. Mwaka 1722 watu wachache waliokuwa wakiudhiwa kwa ajili ya imani yao walikimbia nchi ya Moravia, wakapata kimbilio katika shamba la bwana mkubwa mmoja wa Ujerumani, jina lake Zinzendorf. Wakajenga kijiji, wakakiita Herrnhut. Mwanzoni waligombana sana, hata Zinzendorf akaacha kazi zake za serikali ili awapatanishe. Mwaka 1727 walipatana, wakawa ndugu kweli. Na baada ya miaka mitano tu, mwaka 1732, kijiji hicho maskini kikawatuma watu wawili kwenda visiwa vya mbali vya Amerika kuwahubiri watumwa weusi, ambao watu wengi wa siku zile hawakuwahesabu kuwa watu.

Imani ya Wamoravian ilikuwa nyepesi kuisema, bali nzito kuitenda: kwamba Yesu alikufa kwa ajili ya watu wote, na kwa hiyo watu wote ni ndugu. Kusudi lao lilikuwa kuipeleka habari hiyo kwa wale waliosahauliwa. Nao hawakutaka dini ikae kanisani tu siku ya Jumapili. Tangu mwaka 1731 wamekuwa wakipiga chapa kitabu chenye neno la Biblia kwa kila siku ya mwaka, ili watu walisome nyumbani kabla ya kutawanyika kwenda kazini. Kwao nyumba ilikuwa kama kanisa dogo, na nyumba ikivunjika, kanisa lenyewe limepata ufa. Tuyaweke maneno haya moyoni, kwa kuwa tutayahitaji mbele.

Mwaka 1891 Wamoravian wanne walitumwa kwenda nchi iliyo kaskazini ya Ziwa Nyasa. Majina yao ni Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner. Martin alikufa mwaka ule ule kabla kazi haijashika mizizi. Waliobaki wakajenga chini ya mlima Rungwe. Mwaka huo huo walifika na watu wa Misioni ya Berlin, mkubwa wao Alexander Merensky. Misioni hizo mbili hazikugombea watu. Wamoravian walishika upande wa magharibi, na watu wa Berlin wakashika upande wa mashariki, wakaenda Ukinga, Ubena na Uhehe. Ndiyo sababu hata leo Wamoravian ni wengi katika nchi ya Mbeya, na Walutheri ni wengi katika nchi ya Njombe na Iringa.

Bachmann alifika mwaka 1892. Siku zile nchi ilikuwa bado na majeraha ya vita. Vijiji vingi vilizungushiwa maboma ya miti, na misafara ya watumwa ilikuwa imepita humo miaka mingi. Wanawake na watoto wengi walitekwa, wakachukuliwa mbali na kwao hata wakasahau njia ya kurudi. Mtu wa kwanza kubatizwa pale Rungwe, mwaka 1897, alikuwa mwanamke, jina lake Fibombe, naye alikuwa ameonja utumwa.

Mwaka 1899 kazi ilianzwa Mbozi kwa Wanyiha, na Bachmann ndiye aliyeiongoza. Wanyiha hawakuwa watu wasiojua kitu. Walikuwa wakulima na wawindaji, na wahunzi wao walikuwa na sifa. Walijenga matanuru marefu ya udongo, wakayeyusha mawe ya chuma, wakafua majembe ambayo yalitakiwa hata na makabila ya jirani. Tena walijua kufuma nguo za pamba.

Lakini mgeni huyu hakuyaona hayo yote mara moja. Alikuja na moyo mwema, ila macho yake yalikuwa bado ya Ulaya. Alidhani kwamba mambo mengi ya wenyeji ni giza tupu, na kwamba Mkristo hana budi kuyaacha yote. Alikuwa mkali. Baadaye yeye mwenyewe alitubu ukali huo, wala hakuuficha. Kitabu cha maisha yake, kilichotolewa baada ya kufa kwake, kina jina lenye maana ya kwamba aliwakwaza watu mara nyingi. Ni wachache wawezao kuandika habari zao wenyewe namna hiyo.

Kilichombadili ni kukaa na watu na kujifunza lugha yao. Alikaa kitako na wazee, akawasikiliza, akajifunza Kinyiha, kwa kuwa alikuwa na kazi ya kuyatia maneno ya Mungu katika lugha hiyo. Na anayetafsiri hana budi kuwa mwanafunzi, maana hawezi kulijua neno asilolisikia kinywani mwa mwenyewe. Kazi hiyo ilizaa matunda. Mwaka 1913 Agano Jipya la Kinyiha lilipigwa chapa. Tena aliandika kitabu cha maisha ya mwinjilisti mmoja Mnyiha, jina lake Ambilishiye, ili watu wa Ulaya wapate kujua kwamba Waafrika nao wana habari zinazostahili kuandikwa.

Katika kusikiliza kwake alikutana na jambo lililomsumbua kuliko yote, nalo ni jambo la nyumba. Nyumba ya Mnyiha haikuwa baba na mama na watoto peke yao. Mtu mwenye mali aliweza kuwa na wake wawili, watatu, au zaidi. Kila mke alikuwa na kibanda chake, na jiko lake, na shamba lake. Mahari yalitolewa kwa ng'ombe na majembe, na mahari hayo yalikuwa fundo lililofunga koo mbili. Mume akifa, ndugu zake walimchukua mjane, asipate kubaki bila mlinzi.

Sasa, sheria ya misioni karibu zote ilikuwa hii: mtu mwenye wake wengi akitaka kubatizwa, achague mmoja, awaache wengine. Sheria hiyo haikutungwa kwa ubaya. Wamisionari walisoma katika Injili kwamba mume na mke ni mwili mmoja, wakataka Wakristo waishi hivyo. Lakini sheria iliyo nyofu katika kitabu huweza kupinda ikiingia nyumbani mwa watu.

Tufikiri habari za mtu mwenye wake watatu. Wa kwanza ni mzee, aliyelima naye tangu ujana. Wa pili alitekwa vitani akiwa mtoto, wala hajui kwao ni wapi. Wa tatu ni kijana, na mtoto bado ananyonya. Mtu huyu amesikia Injili, na moyo wake umeguswa. Anaambiwa achague. Je, achague nani? Akimchagua kijana, amemtupa aliyemvumilia siku za njaa. Akimchagua mzee, yule aliyetekwa ataamka asubuhi na kwenda wapi, naye hana baba wala ndugu wa kumpokea? Na yule kijana akirudi kwa baba yake, huwaacha watoto nyuma, kwa sababu kwa desturi ya mahari watoto ni wa ukoo wa baba. Tena baba wa mwanamke hudaiwa kurudisha ng'ombe. Ng'ombe hao huenda alikwisha kuwatoa mahari kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Basi, ili awapate, nyumba ya mwanawe nayo inatikisika. Hivyo mtu mmoja huingia kanisani, na nyuma yake nyumba mbili tatu zinalia.

Na tazameni ni nani waliobeba mzigo. Si mume, maana yeye alipata ubatizo na mke. Ni wanawake, ambao hawakuulizwa walipoolewa, wala hawakuulizwa walipoachwa; na watoto, ambao hawakutenda kosa lo lote. Je, kanisa lililokuja kuwatafuta waliosahauliwa liwafukuze wanyonge nyumbani mwao?

Bachmann hakupata jibu kwa siku moja. Lakini katika miaka ya mwisho kabla ya vita vya 1914 alikata shauri. Aliona kwamba ndoa za Wanyiha ni ndoa za kweli, ingawa zilifungwa kabla ya Injili kufika, na kwamba kuwafukuza wanawake waliooelewa kwa haki ni dhuluma. Basi akakubali kumbatiza mtu mwenye wake wengi pasipo kumlazimisha kuwaacha, na wake hao nao wabatizwe pamoja naye.

Neno hilo likawa kubwa. Wamisionari wenzake wengi walimpinga, wala hawakupinga bure. Waliogopa kwamba vijana watasema, ikiwa wazee wamepokelewa na wake wengi, kwa nini sisi tusioe vivyo hivyo? Waliogopa pia kwamba mwanamke hatapata heshima yake yote maadamu mumewe ana wake wenza. Hofu hizo zilikuwa na maana, na hata leo wenye busara wanaweza kuzipima. Lakini Bachmann alipima na upande wa pili: machozi ya anayefukuzwa leo ni mazito kuliko kosa la kijana ambaye hajaoa bado. Kanisa liliendelea kufundisha kwamba Mkristo aoe mke mmoja, na mafundisho hayo hayakubadilika hata leo. Alichokataa Bachmann ni kuinunua nyumba ya kesho kwa kuibomoa nyumba ya jana.

Ndipo vita vikafika. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliyotoka Nyasaland na Rhodesia yaliingia katika nchi hii, na Wajerumani wakakimbia. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa, wakapelekwa mbali. Bachmann naye alichukuliwa, akaiacha kazi ya miaka zaidi ya ishirini, wala hakurudi tena kufanya kazi katika nchi hii.

Watu wengine walidhani kwamba kanisa litakufa, kwa kuwa wazungu wameondoka. Halikufa. Wazee na walimu Waafrika walishika kazi, wakakusanya watu, wakafundisha watoto, na misioni ya Waskoti wa Livingstonia ikawasaidia kwa kadiri ilivyoweza, hata Wamoravian waliporuhusiwa kurudi baada ya miaka kupita. Na Wanyiha walikuwa na Agano Jipya katika lugha yao, lililotoka miaka mitatu tu kabla ya mwalimu wao kuchukuliwa. Kama lingecheleweshwa kidogo, huenda lisingetoka kwa muda mrefu.

Bachmann alikufa mwaka 1948. Mbozi aliyoijua imebadilika sana. Kahawa hulimwa mahali palipokuwa na pori, na barabara kuu ya kwenda Zambia hupita karibu. Mbozi ilikuwa sehemu ya mkoa wa Mbeya hata mwaka 2016, ulipoanzishwa mkoa wa Songwe. Kanisa la Moravian ni kubwa, na wachungaji wake ni wana wa nchi.

Ninyi wanafunzi, yako mambo mawili ya kujifunza katika habari hizi. La kwanza, si aibu kwa mtu mzima kusema kwamba alikosa. Bachmann alikuja akidhani anajua yote. Na kama angebaki hivyo, hakuna ambaye angemkumbuka kwa upendo. La pili, kabla hujatoa hukumu juu ya nyumba ya mtu, uliza kwanza ni nani atakayelala nje usiku ule. Wazee wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale Mbozi mwenyeji alipata neno la Mungu katika lugha yake, na mgeni naye akapona upofu wake.