Joseph Kyagambiddwa, Mtunzi Aliyewaimbia Mashahidi wa Uganda

Kila tarehe 3 Juni Kanisa huwakumbuka Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake. Waamini wa Songwe, kuanzia Tunduma mpakani hadi vigango vya milima ya Ileje, wanazijua habari za mashahidi hao tangu mafundisho ya katekisimu. Lakini mtu aliyewatungia kazi kubwa ya muziki, ingawa ana sifa kwao Uganda, huku kwetu hatajwi mara nyingi. Jina lake ni Joseph Kyagambiddwa.

Kyagambiddwa alikuwa Mganda na Mkatoliki, aliyefanya kazi yake katikati ya karne ya ishirini. Aliishi kati ya muziki wa namna mbili. Wa kwanza ulikuwa ule wa Misa ya Kilatini, ambamo wimbo wa Gregori ulishika nafasi ya kwanza, kama alivyoagiza Papa Pius X mwaka 1903. Wa pili ulikuwa muziki wa kasri la Kabaka: ngoma, vinubi, filimbi, na marimba kubwa iitwayo amadinda. Waamini wengi wa siku zile walifundishwa kuamini kwamba wa kwanza ni wa Mungu, na wa pili ni wa dunia. Kyagambiddwa hakukubali mgawanyo huo.

Kabla ya kutunga, alijifunza. Amadinda ina vibao 12, nayo hupigwa na watu watatu. Wawili wa kwanza hukaa wakitazamana, kila mmoja akipiga sauti zake katikati ya sauti za mwenzake, kwa kasi ambayo sikio haliwezi tena kuwatenganisha. Wa tatu hurudia, kwenye vibao viwili vya juu kabisa, sauti zile zinazoangukia vibao viwili vya chini. Hakuna hata mmoja kati yao anayeupiga wimbo mzima. Wimbo huzaliwa wanapokutana. Ngazi yake ina sauti tano, si saba kama ya kinanda cha kanisani. Muziki huo ulirithiwa kwa kusikiliza na kutazama. Kyagambiddwa alizikusanya nyimbo zake nyingi na kuziandika, akazichapisha mwaka 1955 huko New York katika kitabu juu ya muziki wa Kiafrika kutoka chimbuko la mto Naili.

Jambo jingine alilolizingatia ni lugha. Katika Kiganda, kama katika lugha nyingi za Kibantu, silabi hupanda na kushuka, na kupanda huko hubeba maana. Maneno ya Kiganda yakilazimishwa kufuata sauti za nyimbo za Ulaya, maana yake huweza kupotoka. Mwamini huimba kwa moyo wote, lakini neno la imani humfikia likiwa limepinda. Kwa hiyo, kwa Kyagambiddwa, sauti ya wimbo ilipaswa kulitumikia neno. Hiyo ndiyo kanuni ya wimbo wa Gregori pia, ambao sauti zake hulifuata Neno la Mungu.

Mwaka 1964 alitoa kazi yake iliyo kuu, Oratorio ya Kiafrika ya Mashahidi wa Uganda, iliyochapishwa Roma. Oratorio ni utungo mrefu wa kuimbwa na kwaya na waimbaji pekee, unaosimulia habari takatifu bila maigizo. Jina lake latoka katika nyumba ya sala ya Mtakatifu Filipo Neri mjini Roma, ambako katika karne ya 16 waamini walikutana kusali na kuimba. Kyagambiddwa alichukua umbo hilo la kale, akalijaza sauti na midundo ya Buganda. Tarehe 18 Oktoba mwaka huo, Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ukiwa unaendelea, Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi hao 22 kuwa watakatifu.

Uteuzi wa muziki huo ulikuwa na uzito wake. Mashahidi wengi walikuwa watumishi katika kasri la Kabaka Mwanga. Mtakatifu Andrea Kaggwa, aliyeuawa Munyonyo tarehe 26 Mei 1886, alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa mfalme. Muziki wa kasri ndio waliousikia kila siku. Kasri ndilo lililotoa hukumu ya kifo chao. Na sasa muziki wa kasri ukawa sifa yao mbele ya Kanisa zima. Kile kilichodhaniwa kuwa cha kipagani kilipokelewa, kikatakaswa, kikamtukuza Kristo.

Kyagambiddwa hakuwa peke yake. Padre Stephen Mbunga wa Peramiho alitunga Misa Baba Yetu mwaka 1959, na mwaka 1963 akachapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Hapa kwetu Mbozi, mmisionari wa Kimoravian Traugott Bachmann, aliyefika mwaka 1899, alikuwa amewahimiza Wanyiha wamsifu Mungu kwa sauti za nyimbo zao wenyewe. Mtaguso, katika hati juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulifundisha kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi yake katika ibada.

Mwezi Mei 1966 majeshi ya serikali yalilishambulia kasri la Mengo. Kabaka Mutesa II alikimbilia uhamishoni, na wanamuziki wake wakatawanyika. Muziki uliotegemea kasri ukapoteza makao yake. Nyimbo zilizokwisha kuandikwa miaka kumi na moja kabla zilibaki kitabuni, na wataalamu wa baadaye wamezitumia katika kuuchunguza na kuufundisha muziki ule.

Kwaya zetu zina vinanda na spika. Wazee wa Kinyiha, Kinyamwanga na Kindali bado wana nyimbo za mavuno, za arusi na za misiba ambazo nyingi hazijaandikwa popote. Mwalimu wa kwaya anaweza kuanza na mzee mmoja na daftari moja. Maneno yatakayoingia katika Liturujia yatatokana na Maandiko Matakatifu na mafundisho ya Kanisa, kwa idhini ya wachungaji wetu. Lakini sauti lazima zikusanywe mapema, wenye kuzijua wakiwa hai.